Baraka Haendi Ntoto

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika sasa hivi tu. Hapa Kingi ukungu bado umelala juu ya malisho, na mimi nimepanda hadi kwenye ua wa ng'ombe, mahali pekee ambapo simu yangu inashika mtandao. Nimeketi juu ya bidoni, yaani dumu tupu la maji, lililopinduliwa. Nina hasira. Nina furaha pia, lakini leo hasira ndiyo inayoandika.

Mama mkwe wangu yuko nyumbani. Alifika jana jioni kutoka Ntoto, na amekuja kumchukua mwanangu Baraka.

Hampati.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni Mama Furaha, nafuga ng'ombe, nauza maziwa, nina watoto wawili na wa tatu yumo tumboni. Hapa huwa naandika mayele, yaani zile hila ndogo ndogo za kumlea mtoto mdogo wakati mikono yako miwili tayari ina kazi. Mimi ndiye niliyemfunga Baraka kengele ya ndama mguuni, ili nikiwa nakamua nijue kama yuko karibu au ameshika njia ya mtoni. Jirani mmoja aliniambia mtoto si ng'ombe. Nilimjibu kwamba ng'ombe wangu hajawahi kupotea.

Mimi ndiye niliyelaza bidoni la njano ubavu, nikalikata upande mmoja, nikamketisha mtoto ndani na vigunzi vya mahindi achezee, huku nachagua maharage bila kumkimbiza kila dakika. Nepi nazikausha kwenye kamba juu ya mafiga, maana kwetu jua likitoka ni bahati. Ndiyo, mtoto wangu ananuka moshi. Lakini ni mkavu, na anayekerwa na harufu ageuzie pua yake upande mwingine.

Sasa niwaambie mayele yaliyonitoa jasho.

Baraka anakaribia miaka miwili, nami nina mimba. Ilibidi aache ziwa. Kwao mume wangu jambo hilo lina utaratibu wake: mama hamwachishi mtoto ziwa. Anayemwachisha ni Koko, ndivyo watoto wanavyomwita nyanya yao mzaa baba. Koko anakuja, anamfunga mtoto mgongoni, anakwenda naye kwake. Mtoto asipoliona ziwa analisahau upesi. Baada ya majuma machache anarudishwa, anakula kila kitu, shavu limejaa. Ni desturi yenye akili, sikatai. Mama naye anapata usingizi.

Furaha, binti yangu wa kwanza, tulimwachisha hivyo hivyo. Aliondoka hapa mgongoni mwa Koko, akinipungia mkono, anacheka. Nilijibana majani ya kabichi yenye baridi kifuani ili maziwa yakauke, nikaanza kuhesabu siku za kurudi kwake.

Halafu vita vikakata barabara.

Kati yetu na Ntoto hakupita mtu. Maharage yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena, mwanangu yuko ng'ambo ile na mimi niko huku. Wanaofuga wanajua kwamba ng'ombe wetu hawa hawatoi maziwa kabla ndama hajanyonya kidogo na kufungwa pale mbele, mama yake amwone na kumlamba. Kila asubuhi nilikuwa nafanya hivyo, namleta ndama kwa mama yake, nakamua, na mimi wangu sijui hata kama amekula. Nililia sana pale chini ya ng'ombe. Sikuwa na mahali pengine pa kulilia.

Barabara ilipofunguka, Koko alimleta. Furaha alikuwa amerefuka. Alikuwa anaongea lugha ya kwao baba yake tupu, Kiswahili amekiacha njiani. Nilikimbia kumkumbatia, akarudi nyuma ya sketi ya Koko, akachungulia. Halafu, kwa sababu Koko alikuwa amemfunza adabu, akanyoosha mkono ili anisalimie.

Mtoto niliyemzaa alinipa mkono kama mgeni.

Simlaumu Koko. Si yeye aliyeanzisha vita. Alimlisha Furaha, alimvalisha, na watu walipokimbilia msituni alikimbia naye mgongoni. Hilo silisahau. Lakini siku ile, nikiwa nimeshika kile kiganja kidogo, nilijiapia kwamba mtoto wangu mwingine ataachia ziwa hapa hapa, mbele ya macho yangu, hata ikibidi kijiji kizima kisilale kwa kelele zake.

Na kelele zilikuwapo. Nilianza na mubirizi, yale majani machungu ambayo mama zetu walijipaka. Nikatwanga, nikajipaka vizuri. Baraka akaonja, akakunja uso, akavuta mkono wa shati lake, akafuta ziwa mpaka likang'aa, akaendelea kunyonya. Mama mmoja akanishauri pilipili. Nilimwambia aanze kujipaka yeye machoni, akimaliza aje anieleze. Mayele yangu hayana ukatili ndani yake, na mwenye kutaka ya ukatili atafute ukurasa mwingine.

Ndipo nikakumbuka sparadra.

Mume wangu alijikata na panga wakati wa kusafisha shamba, na kwenye kituo cha afya walimpa kipande cha sparadra, ile bandeji ya kunata. Kidole kilipona, sparadra ikabaki. Nilikata vipande, nikabandika msalaba kwenye kila ziwa. Baraka alipokuja na kufungua blauzi yangu kama kawaida yake, nikamwambia, "Ziwa iko na kidonda." Macho yakamtoka. Akagusa kwa kidole kimoja, polepole. Akapuliza. Kisha akasema, "Pole, ziwa," akanifunika blauzi yeye mwenyewe.

Nilimpa maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe. Akanywa huku ananitazama kwa huruma. Mimi ndiye niliyelia siku hiyo.

Baada ya hapo haikuwa rahisi. Wakati wa kulala alikuwa anatafuta, anaiona sparadra, anapuliza, analalamika kidogo, mwisho analala ameshika sikio langu. Lakini ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa najisikia mshindi. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika hapa, kwa majivuno, jinsi ya kumwachisha mtoto ziwa bila machungu na bila safari.

Sasa tuje kanisani. Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza nani ana ombi. Baraka, ambaye nyumbani mbele ya mgeni humtoi neno, akasimama juu ya mapaja yangu akapaza sauti: "Ziwa ya mama iko na kidonda!" Halafu akapuliza, fuu, ili watu waelewe vizuri.

Macho yote yakageukia kifua changu. Ningeweza kusema ukweli. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa pale pale mapajani, masikio wazi, na vilio vyote vya siku zile vingepotea bure. Nikainamisha kichwa. Mama wa kwaya walipoona nimeinamisha kichwa wakajua jambo ni kubwa. Walikuja wakaniwekea mikono, wakaomba kwa machozi. Nilisema amina, na Mungu anisamehe, mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kuzuia kicheko.

Kicheko kiliniisha jana. Mmoja wa wale mama anafanya biashara ya chumvi na sabuni mpaka upande wa Ntoto, na habari ilipanda naye pikipiki. Ilipotoka Kingi ilikuwa kidonda. Ilipofika Ntoto nilikuwa tayari ninasubiri kukatwa ziwa.

Koko aliingia ameloa, tope mpaka magotini, maana pikipiki ilimshusha mbali na njia iliyobaki ametembea. Kitenge cha kubebea mtoto kilikuwa kimefungwa kiunoni, tayari. Hakusalimu.

"Mama Furaha, uko mugonjwa na unatuficha? Mutoto iko ananyonya ugonjwa?"

Nilimvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba sina ugonjwa wowote, ni mayele tu ya kumwachisha mtoto. Nilidhani atacheka.

"Dada yangu alisemaka vile vile," akaniambia. "Alisema haiko kitu. Tulimuzika na bado anasema haiko kitu."

Miaka yote hii sikujua hata kama alikuwa na dada. Mume wangu akatuambia tule kwanza, tulale, mambo yatazungumzwa asubuhi. Papa Furaha ni mwanaume mwema, ila akiwa kati ya mama yake na mimi anakumbuka jembe linalohitaji kunolewa.

Leo asubuhi, nilipomaliza kukamua, Koko alikuwa ananisubiri mlangoni. Alikuwa amejifunga kitenge upya.

"Nionyeshe," akasema. "Nikiona kwa macho yangu, nitaamini. Kama haunionyeshe, nitaenda na mutoto sasa hivi, mvua ao jua."

Haki yake, nilikubali. Nilimpa Papa Furaha Baraka amshike huko nje, chini ya paa la jiko, nikaingia na Koko chumbani. Mlango wetu ni pazia. Nikafungua blauzi, nikaanza kubandua sparadra. Imenata, inavuta ngozi, machozi yananitoka. Koko akanisogeza dirishani penye mwanga. Aliangalia, akagusa, akabonyeza pande zote kwa vidole vyake vigumu vya shamba. Hakuwa na haraka. Mwishowe akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakamshuka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mungu aksanti," akasema.

Wakati huo nikasikia kengele.

Pazia likatikisika chini, Baraka akaingia kwa magoti. Baba yake, mwanaume mzima, ameshindwa kumshika mtoto mmoja! Akasimama, akaangalia ziwa, akaangalia sparadra mkononi mwangu, akaangalia ziwa tena. Uso wote ukafunguka.

"Imepona!"

Akaja mbio mikono juu.

Ningeweza kumsukuma. Ningeweza kufunga blauzi na kubuni uongo mwingine. Lakini mtoto huyu alikuwa ameliombea ziwa hili kanisani, mbele ya watu, amelipulizia kila siku, na sasa anaona maombi yake yamejibiwa. Kumkatalia sikuweza. Nikaketi kitandani, nikampa. Akanyonya amefumba macho, mkono umeshika sikio langu.

Koko akatikisa kichwa. Hofu ilikuwa imemtoka na akili zake zote zimerudi. "Unaona? Hapa haitawezekana. Ziwa iko, mutoto iko, na wewe roho yako iko laini. Tumbo nayo inakuwa kubwa. Nitaenda naye. Majuma machache tu."

Majuma machache tu. Maneno yale yale.

Nikamwambia, "Hapana, Mama."

"Furaha naye aliliaka ziwa," akasema, kama vile hakunisikia. Alikuwa anamwangalia Baraka. "Kule porini. Asikari bako karibu, batu banasema nyamazisha mutoto, atafanya batuue. Nilimupa yangu. Ilikuwa kavu, miaka mingi. Akanyonya tu, akanyamaza."

Hakuwahi kunisimulia hilo. Sikujua nimpigie magoti au nipige ukelele. Nilimshukuru na nikamwonea wivu kwa wakati mmoja. Mwanangu alikuwa anatafuta ziwa langu gizani huko msituni, na mimi nilikuwa hapa nimejibana kabichi.

Nilimwambia, "Aksanti, Mama. Kwa ile ya Furaha nitakushukuru mpaka nife. Lakini Baraka haendi."

"Unakatala desturi?"

"Sikatale desturi. Ninakatala barabara."

Yeye ndiye aliyeitembea jana. Anajua vizuizi viko wapi na nani anasimama pale na bunduki. Anajua kuliko mimi kwamba leo inapitika, na ya kesho hakuna anayeijua.

Niliendelea, maana nikishaanza huwa sinyamazi. Nilimwambia kama anataka kumwachisha mtoto, nyumba hii ina kitanda na ina maharage. Abaki. Amlaze yeye upande wake mpaka asahau. Lakini mtoto wangu hatatoka kwenye lango lile mgongoni mwa mtu yeyote, hata mwenye damu moja naye, na kama hilo linanifanya mkaza mwana mwenye kiburi, basi niandikwe hivyo. Sikupunguza sauti. Jirani wamesikia, shauri yao.

Hapo ndipo tulipomwona Furaha.

Alikuwa amesimama penye pazia, sijui tangu lini. Amevaa sweta ya shule ingawa leo si siku ya shule, na bote za mvua, kulia na kushoto sawasawa. Mkononi ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Ana miaka sita. Alikuwa anamwangalia Koko, si mimi.

"Koko, mimi niko tayari," akasema. "Twende mimi. Baraka abakie na mama."

Hakulia. Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayejitolea kuchota maji.

Koko aliketi chini, pale pale, sakafuni.

Nilimtoa Baraka kifuani, akaanza kupiga mayowe, nikamweka kitandani na mayowe yake. Nilipiga magoti mbele ya Furaha, nikachukua kile kitambaa, nikafungua fundo. Alikuwa amelikaza, nikamalizia kwa meno. Ndani mlikuwa na gauni lake la kanisani na chanuo. Hivyo tu ndivyo alivyofikiri mtu anahitaji ili akaishi mahali pengine. Nikakunja gauni, nikalirudisha ndani ya sanduku, chini kabisa, chini ya nguo zangu.

"Nisikilize," nikamwambia. "Nyumba hii haina mutoto wa kutoa. Koko akikuja, amekuja kututembelea. Hakuna muntu anachukuliwa. Si wewe, si Baraka, si huyu wa tumbo. Umesikia?"

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kusikia na kuamini ni mambo mawili, na nilimwona vizuri kwamba amefanya moja tu.

Mimi nawaandikia ninyi mayele ya nepi na ya uji. Miaka yote hii mtoto huyu amekuwa anaishi nyumbani kwake akijua jinsi ya kufunga mzigo, na mimi sikuona. Nilidhani amesahau kwa sababu hakusema. Naandika hili hapa ili mama mwingine mwenye mtoto aliyewahi kupelekwa mahali amwangalie tena, hata kama anacheka na anakula vizuri.

Koko aliinuka, akaenda kitandani kwenye mayowe, akamweka Baraka mgongoni na kumfunga kwa kile kitenge. Akatoka nje. Nikatoka nyuma yake. Mvua ilikuwa imekwisha, na akaanza kuizunguka nyumba, polepole, anamtikisa kidogo, anaimba chini chini kwa lugha ya kwao. Hakuniambia atabaki, wala hakuniambia ataondoka. Nami sikumuuliza. Mama mkwe naye ana heshima yake.

Kwa hiyo ndiyo sababu nimekaa huku juu na simu. Mtandao ni kisingizio. Kutoka hapa naiona nyumba pande zote, na naliona lango.

Kesho nitatafuta mayele mapya. Sparadra imekwisha, na Baraka haamini tena kidonda. Labda nitamwambia ukweli tu, kwamba ziwa sasa linamngojea mwingine. Labda atalia juma zima. Alie. Atalia akiwa ameshika sikio langu, na majirani wakichoka waje wamsaidie kulia. Ninaweza kuvumilia kilio ninachokisikia.

Koko bado anazunguka. Baraka amelala, naona kichwa kimeinamia upande. Kila anapofika ule upande unaotazama barabara, naacha kuandika. Sioni aibu kulisema. Nampenda mama huyu, na bado naacha kuandika.

Furaha amenifuata huku. Ameketi kando yangu, bado amevaa bote. Nilimwambia avue, akasema miguu ina baridi. Kwa hilo sina mayele. Hakuna hila ya kumvua mtoto viatu ambavyo amevivaa kwa safari. Unakaa naye tu. Naye anamwangalia Koko, kila mzunguko, kama mimi.

Sasa Koko amefika tena upande wa barabara. Amesimama. Ameangalia lango. Nimeshusha simu, nimeinuka nusu.

"Mama," Furaha ameniambia, "Koko anarudi kwa nyumba."

Kisha ameinama, ameanza kuvua bote.